Nilivyotengenezewa dodoso la simu Mwanjelwa kwa laki na ishirini

Nianze na hela, maana najua ndiyo mnayotaka kuijua. Nililipa shilingi 120,000: elfu hamsini nilitanguliza, sabini nikamalizia kazi ilipokubalika. Ni steshenari ya kawaida kabisa pale Mwanjelwa, Mbeya, zile za kutoa kopi, kupiga pasipoti na kuprinti kadi za michango ya harusi, ila mlangoni wamebandika karatasi: "Tunatengeneza madodoso ya mtandaoni." Jina lao silitaji. Walichonifanyia wiki ya kwanza kiliniudhi, walichonifanyia wiki ya tatu kilinifurahisha, na sitaki mtu aende pale kuwasuta kwa lile la kwanza.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi upande wa Rungwe. Tupo 46. Mnunuzi wetu alitaka kujua mapema nani ana miti mingapi ya Hass, ile aina ya parachichi anayoitaka, ina umri gani, na nani anavuna mwenyewe. Sisi viongozi nasi tulikuwa na letu: tulitaka kujua wanachama wanasemaje kuhusu bei, mizani na malipo kuchelewa. Kuzunguka nyumba kwa nyumba kutoka Kyimo hadi Ikuti na mvua ya Tukuyu mnayoijua, hapana. Karibu kila mtu ana simu ya kioo au ana mtoto mwenye nayo. Nikasema tutume dodoso kwenye grupu la WhatsApp, basi.

Na sikujiona mgeni wa mambo haya. Sensa ya Agosti 2022, ile ambayo mama yetu wa Njombe, Anne Makinda, alikuwa Kamisaa wake, nilikuwa karani. Nilipewa kishikwambi, nikapita na kizibao changu. Kilichonifurahisha kwenye kile kishikwambi ni jinsi maswali yalivyokuwa yakiruka yenyewe: ukishajibu kuwa jambo fulani kwenye kaya halipo, maswali yake huyaoni tena. Nikaamini dodoso la simu ni kishikwambi kilichopungua ukubwa tu. Hapo ndipo nilipopotea. Kwenye sensa aliyeshika kifaa nilikuwa mimi, niliyekaa semina mpaka mgongo ukaniuma. Mwananchi alijibu kwa mdomo huku anamenya viazi. Dodoso la kutuma kwa linki, mkulima ndiye karani, ndiye mjibuji, na pembeni yake hakuna wa kumuuliza "hapa wana maana gani?"

Kijana wa steshenari alichukua siku nne. Akaniita, akanionyesha kwenye laptopu yake. Jamani, lilikuwa zuri! Kijani kibichi, juu kuna picha ya parachichi lililokatwa nusu linang'aa kama la tangazo, maswali yamepangwa kwenye majedwali kama ripoti ya benki. Nikakubali palepale. Jioni saa mbili nikatuma linki kwenye grupu na maneno ya kuhimiza.

Asubuhi yalikuwa yamerudi majibu tisa. Matatu kati yake ni yangu mwenyewe ya kujaribu.

Halafu simu zikaanza. Mmoja linki imekataa kabisa. Mwingine anaulizwa barua pepe na hana. Mwingine, huyu ni mweka hazina wetu, alinipigia kwa sauti ya chini kama anaongea msibani: "Dada katibu, simu yako imeibiwa?" Alidhani ni zile linki za matapeli, "bofya upate GB 10 bure". Sikumlaumu, ilikuwa ndefu, imejaa namba na herufi zisizo na kichwa wala miguu, na imekuja usiku.

Kesho yake nikapanda hadi Kiwira kwa mzee mmoja wa kikundi, mtu wa miti mingi na maneno machache.

"Ugonile tata."

"Ndaga. Umekuja na ule mtihani wako?"

Simu yake ni ya bei ya chini, kioo kimepasuka kona ya juu, alirithi kwa binti yake aliyehamia Iringa. Alikuwa ametoka kupalilia, kidole kina udongo na simu haikukisikia, akakifuta kwenye suruali mara mbili. Swali la nne lilikuwa tarehe ya kuzaliwa. Akagusa, ikafunguka kalenda, na kalenda ikaanzia mwezi uleule tuliomo, Juni 2025. Juu kulia kuna kimshale cha kurudi nyuma, kidogo kama punje ya ulezi. Akabofya. Mei. Akabofya. Aprili. Mimi nimekaa kwenye benchi naangalia, nikapiga hesabu kimoyomoyo: amezaliwa Juni 1958, miaka 67 mara miezi 12, mibofyo 804. Mzee akaendelea bila kulalamika, mdomo umekaza kama anayetia uzi kwenye sindano. Alipofika Februari 2021 kidole kikagusa pembeni, kalenda ikajifunga, na tarehe 14 Februari 2021 ikajiandika.

"Kumbe mimi ni wa chekechea," akasema, akanirudishia simu.

Yeye alicheka. Mimi nilikuwa najiuliza hiyo tarehe tuliitakia nini. Mnunuzi hakuiomba, kikundi hakikuiomba. Baadaye kijana alikiri kwamba ilikuwemo kwenye dodoso la mwanachuo aliyemtengenezea kabla yetu, akaiacha hapohapo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa namba ya NIDA. Tarakimu 20 hizo, kwenye kibodi ya herufi, kwa kidole chenye udongo, na ukikosea moja hujui ni ipi. Nina hakika wengi waliishia pale. Na tuseme ukweli, hatukuwa na sababu yoyote ya kuidai. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tangu Mei 2023, na msingi wake mmoja ni huo: usikusanye kwa mtu zaidi ya unachokihitaji. Mimi katibu niliyepaswa kulijua hilo nilikuwa nimeangalia picha ya parachichi.

Lakini yote hayo ni usumbufu tu. Lililonitisha ni jedwali.

Lilikuwa hivi. Kushoto mambo sita: bei, mizani, malipo, usafiri, mawasiliano, ushauri wa shambani. Juu safu tano: Nakubali sana, Nakubali, Sina uhakika, Sikubali, Sikubali kabisa. Kwenye laptopu unaliona lote, unatiki. Kwenye simu ya mzee zilionekana safu mbili na kipande: "Nakubali sana", "Nakubali", na "Sina uh". Zilizobaki zilikuwepo, ila mpaka usukume jedwali kwa kidole kwenda kushoto, na hakuna mshale wala kivuli cha kukuambia kwamba mbele kuna kitu. Mzee akaniuliza, "Na asiyekubali anaandika wapi?" Nikasukuma, zikatokea. Akaniangalia tu.

Nikarudi kwenye yale majibu sita ya kweli niliyokuwa nayo. Wote sita wanakubali. Bei nzuri, mizani sawa, malipo kwa wakati. Mmoja wao ni mama ambaye wiki ileile alikuwa amenifokea hadharani kuhusu malipo kuchelewa! Tena alikuwa ametiki safu moja kutoka juu mpaka chini, mstari umenyooka kama reli ya TAZARA, alama ya mtu aliyechoka anayetaka kumaliza. Ningezipeleka hizo kwa mnunuzi nikamwambia "wanachama wanaridhika", angenishukuru sana. Kila mkulima angekuwa amesema asichokisema, kwa sababu tu safu za kukataa hazikuenea kwenye kioo.

Nikashuka Mwanjelwa na hasira zangu. Kijana akanisikiliza, akageuza laptopu: "Mama, mbona kwangu linakaa vizuri?" Sikumjibu. Nikatoa kwenye mkoba simu yangu ya akiba, ndogo kuliko ya mzee, nikamwambia jaza, na namba yako ya NIDA uiweke. Alianza kwa kujiamini. Kwenye tarakimu ya kumi na kitu akanyamaza. Kwenye jedwali akasema, "Aisee."

Na hapa ndipo ninapowapa alama zao. Hakubishana, hakudai hela ya ziada, hakusema "wateja wengine hawajalalamika". Jumamosi akapanda Coaster pale stendi ya Nane Nane kwa nauli yake, akaja Tukuyu, tukakaa kwa mwanachama mmoja na watu wanne tofauti: mzee wa Kiwira, mama wa malipo, kijana wa bodaboda mwenye shamba la urithi, na binti anayemjazia bibi yake. Sharti langu lilikuwa moja, asimwelekeze mtu. Aangalie kidole kinakwenda wapi. Mara ya kwanza alishindwa, mkono ulikuwa unamchezacheza, anataka kuonyesha. Nikampa kikombe cha chai ashike kwa mikono miwili.

Aliondoka na kurasa tatu za daftari. Toleo la pili lilikuwa kitu kingine, na la tatu ndilo tulilotumia.

Kwanza alihama kwenye ile tovuti ya fomu aliyokuwa anaitumia, akaenda KoboToolbox. Wengi mtakuwa mmeiona kwenye kazi za mashirika. Ilianzia kwa watafiti wa Harvard kule Marekani kwa ajili ya kukusanya taarifa sehemu za majanga, na fomu zake ni ndugu wa ODK, mradi wa programu za kukusanya taarifa kwa simu ulioanza 2008 Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Kwetu sisi lililo muhimu ni kwamba fomu ikishafunguka mara moja kwenye kivinjari inaweza kubaki ndani ya simu. Unajaza hata mtandao ukikata, na majibu yanajituma ukirudi, mradi ukurasa uwe wazi. Kule Nkunga kuna mtu anayepata mtandao akipanda tu hadi kwenye mti fulani wa mparachichi, siwatanii. Alijazia nyumbani, akatumia mtini. Tena haidai barua pepe ya anayejibu.

Jedwali likafa. Yale mambo sita yakawa maswali sita, kila moja na machaguo yake yamepangwa kwenda chini, si kwenda pembeni. Mwanzoni nililalamika kwamba dodoso limerefuka, na kweli limerefuka ukilipima kwa kusogeza. Ila kidole gumba kinajua kwenda juu na chini, ndiyo kazi yake kutwa nzima. Kila chaguo likawa ukanda mpana, unagusa popote kwenye mstari na si lazima ulenge kile kiduara. Kijana aliniambia Google wanashauri kitu cha kugusa kisipungue milimita 9 hivi kila upande. Nikapima kwa rula yangu ya shule kwenye simu ya akiba, zilipita.

Maneno nayo tulipigana nayo. "Je, unakubaliana kwa kiasi gani na kauli ifuatayo" ikafutwa. Yule mama alisema, "Si uniulize tu, hela inachelewa?" Kwa hiyo swali likawa: "Msimu uliopita, baada ya kupima mzigo, hela ilikufikia baada ya muda gani?" na machaguo ni siku, wiki, mwezi, zaidi ya mwezi. Kuna swali lilikuwa linauliza bei na mizani kwa pamoja, likakatwa mawili. Hekta zikaondoka. Huku mtu anajua ekari, na zaidi ya ekari anajua miti, kwa hiyo tukauliza miti. Sehemu hiyo kibodi inayofunguka ni ya namba tupu, zile kubwa kama za kupigia simu, na ukiandika 5000 inakuuliza kama una uhakika. Orodha ya mikoa yote kuanzia Arusha ikafutwa, maana sote tuko Rungwe, zikabaki kata zetu tu. Umri tukauliza wa miti, wa mtu tukauacha.

Tulikosana kwenye jambo moja, na bado naamini mimi nilikuwa sahihi. Yeye alitaka swali moja kila ukurasa, ndiyo mtindo anasema. Mimi nikasema mkulima atachoka kubofya "Mbele" mara kumi na nane, tena hataona amebakiza nini. Tukakubaliana kurasa nne, kila moja na kichwa chake: Shamba, Mavuno, Malipo, Maoni. Kwenye Maoni kulikuwa na kiboksi cha kuandika. Karibu kila mtu aliandika maneno matatu au "sawa tu". Mtu haandiki insha kwa kidole gumba. Wale niliotaka wanieleze kwa kirefu niliwapigia.

Ile linki iliyokataa kwa watu wengine nayo ikapata jibu. Walikuwa wanatumia kivinjari cha kubana data, kile kinachofinya ukurasa kabla haujakufikia ili bando lisiishe. Fomu ya maswali yanayoruka haiwezi kufinywa hivyo, vitufe vinakufa. Tukawaandikia kwenye ujumbe wafungue kwa kivinjari kipi na wabonyeze wapi. Picha ya parachichi linalong'aa nayo ikaondolewa. Ilikuwa megabaiti tatu. Niliisikitikia kidogo.

Kuhusu kuonekana matapeli, dawa haikutoka steshenari. Mwenyekiti alirekodi sauti yake kwanza kwenye grupu, akasalimia kama anavyosalimia mkutanoni, akasema linki inakuja kutoka kwa katibu, haitaomba hela, haitaomba namba ya siri, haitaomba NIDA, ni kazi ya dakika kama kumi. Nusu saa baadaye ndipo nikatuma, saa kumi na mbili na nusu jioni, watu wametoka shambani na umeme bado upo. Ukurasa wa kwanza kabisa unarudia hayo, unasema majibu ataona nani, na una kitufe cha "Sikubali" kikubwa sawasawa na cha "Nakubali". Hicho cha "Sikubali" nilikisimamia mwenyewe.

Walijaza 38. Wanane waliobaki wana vitochi, zile simu ndogo za vitufe, hao niliwapigia nikawajazia, kama sensa. Mama wa malipo safari hii alisema alichokuwa akikisema siku zote, na hakuwa peke yake. Mzee wa Kiwira alimaliza akaniuliza mbona ng'ombe hatukuwauliza.

Sasa malalamiko yangu, maana yapo. Akaunti ya kwanza waliifungua kwa jina lao. Yaani majina, miti na malalamiko ya wanachama wetu yalikuwa yamekaa kwa mtu wa steshenari, na mwanafunzi wa kujitolea anajua neno la siri kwa sababu limeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi. Nililiona kwa macho yangu. Nilipong'aka wakanifungulia akaunti kwa barua pepe ya kikundi, wakahamisha kila kitu, wakafuta kwao mbele yangu. Dai hilo siku ya kwanza, kabla hujatoa hata mia. Pili, walitaka elfu kumi na tano zaidi "kutoa data kwenye Excel". Nikalipa. Jioni nikaingia kwenye akaunti yetu mwenyewe nikakuta ni kitufe. Unabonyeza, faili linashuka. Elfu kumi na tano! Niliporudi kuuliza, kijana alicheka akasema hiyo ni bei ya bosi. Tatu, usiende Jumatatu, siku hiyo ni ya wanachuo na ripoti zao, utakaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka usahau ulifuata nini.

Ukienda, beba simu mbovu kuliko zote nyumbani kwako uiweke mezani kabla hajafungua laptopu. Sasa hivi anazo mbili za kwake, zimepasuka vioo, amezinunua Kabwe kwa ajili hiyo. Wiki ijayo nampelekea la ndugu zangu wa viazi wa Isongole. Tumekubaliana elfu themanini, na Excel imo humohumo.